Legioni moja ya Kirumi inakuwaje Aljeria na Libya kwa wakati mmoja?

Dereva wa Sakina (Arusha)

Habari za jioni wakuu. Huku Arusha mvua imekolea, wageni hakuna, gari liko uani tangu Pasaka. Mtu akikosa safari, akili inaanza kuchokonoa mambo yasiyomhusu. Naomba wajuvi wa historia mnisaidie jambo moja la jeshi la Warumi wa kale.

Msimu uliopita nilimbeba mzee mmoja wa Kiitaliano, mstaafu, mtu anayependa magofu kuliko simba. Tukiwa Mto wa Mbu tunasubiri tairi lizibwe, akanisimulia kwamba aliwahi kwenda Lambaesis, Aljeria, ilipokuwa kambi kuu ya Legioni ya Tatu Augusta. Mwaka mwingine akaenda Libya, jangwani kabisa, mahali panaitwa Bu Njem, akakuta magofu ya ngome nyingine ya Kirumi. Na wenye ngome ni hao hao, Legioni ya Tatu Augusta. Nimepima kwenye ramani ya simu, kutoka kambi moja hadi nyingine ni karibu kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Nikamuuliza, sasa mzee wangu, hawa watu kwao ni wapi? Akacheka. Tairi likawa tayari, tukaanza kupanda mlima, maongezi yakahamia kwa nyani.

Ninavyoelewa mimi, legioni ni watu kama 5,000. Wana sanamu yao ya tai juu ya mti, wanatembea pamoja, wanapigana pamoja. Kwenye sinema ndivyo wanavyoonyeshwa. Inawezekanaje legioni moja iwe sehemu mbili? Na kama waligawanywa, kule jangwani bosi alikuwa nani, mshahara ulitoka wapi, na mtu akifa huko anafutwa kwenye daftari la nani?

Msiniambie nikatafute mtandaoni. Nimeshatafuta, nimerudi na majina ya Kilatini na kichwa kinauma.


Mtu wa Unga Limited (Arusha)

Mkuu, jibu ni rahisi. Askari hewa. Ngome ipo, jina lipo ukutani, mishahara inatoka Roma kila mwezi, watu hakuna. Mkubwa wa kambi anajenga nyumba ufukweni. Haya mambo hayakuanza jana.

Nipo pale kwenye benchi nasubiri wajuvi.


Karani Mstaafu (Moshi)

Unga Limited umenichekesha, ila watu walikuwepo, tena tunajua hata nani kati yao aliugua macho. Nitafika huko.

Dereva, swali lako la mwisho, la nani amfute marehemu, ndilo lililonifanya nitafute miwani. Mimi nilikuwa karani jeshini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuja kufuga kuku hapa Pasua. Bunduki niliibeba, lakini kazi yangu hasa ilikuwa kila asubuhi kumpelekea afande karatasi inayosema wangapi wapo, wangapi hawapo, na wasiokuwepo wako wapi. Kwenye daftari langu waliopo niliwaandika kwa wino na walioazimwa kwa penseli, kwa sababu mtu akishaazimwa tarehe yake ya kurudi inajulikana na Mungu. Basi nilipoanza kuwasoma Warumi uzeeni, vita vyao havikunishika sana. Nilishikwa na makaratasi yao.

Fikra ya legioni kama kundi moja linalotembea pamoja iondoe kichwani. Legioni ilikuwa orodha ya majina. Kambi kuu ni pale anapolala tai na inapokaa rejesta. Wenye majina walitapakaa kila upande. Liwali akihitaji watu 1,000 mpakani, hang'oi legioni nzima. Anachopoa watu 1,000, anawapa ofisa wa kuwaongoza na bendera yao ya safari, wanaondoka. Tai habanduki. Bendera yenyewe ilikuwa kitambaa cha mraba kinachoning'inia kwenye kijiti kilichokingama juu ya mkuki. Moja imesalia mpaka leo, ya kitani, ilitoka Misri na iko Makumbusho ya Pushkin kule Moscow. Kila upande una karibu sentimita 50, na katikati amechorwa mungu wao wa kike wa Ushindi akiwa amesimama juu ya tufe. Kikosi kinachoondoka chini ya bendera ya namna hiyo Warumi walikiita vexillatio. Sisi tulisema detachi, na mimi nitasema detachi kwa sababu nimeizoea.

Bosi wao? Ilitegemea uzito wa kazi. Wachache walipewa akida. (Akida ni yule yule wa kwenye Biblia, mkuu wa senturia, watu 80 hivi. Yule Yulio aliyempeleka Paulo Roma kwa meli alikuwa kwenye kazi ya aina hii hii, mbali na kikosi chake.) Kikosi kikiwa kikubwa, kimechanganya watu wa legioni mbili tatu, aliletwa mtu mzito wa tabaka la maseneta. Cheo kilikuwa cha kazi ile tu. Kazi ikiisha, na cheo kimeisha.

Sasa twende kwenye makaratasi. Kaskazini mwa Uingereza kuna kambi iliitwa Vindolanda. Kuanzia 1973 wachimbaji wamekuwa wakitoa kwenye tope lake vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, vya miaka ya kabla ukuta wa Hadrian haujajengwa. Kimojawapo ni karatasi yangu ya asubuhi kabisa, imetangulia tu kama miaka 1,900. Ni ya tarehe 18 Mei, ya kohorti (kikosi cha senturia kadhaa) ya kwanza ya Watungri. Hao si wa legioni, ni kikosi saidizi, lakini hesabu ni ile ile. Jumla ya watu 752, wakiwemo maakida 6. Wasiokuwepo 456. Kati ya hao, 337 wako Coria, kituo cha jirani. 46 ni walinzi kwenye ofisi ya mkubwa mmoja aitwaye Ferox. Akida mmoja yuko London. Waliobaki wametawanyika, sita hapa, tisa pale, kumi na mmoja kwingine. Nyumbani wapo 296. Humo toa wagonjwa 15, majeruhi 6, na wenye macho mabovu 10. Wazima wanaofaa kwa kazi ni 265.

Na maakida je? Wale sita, watano hawapo. Kambi nzima ina akida mmoja. Nilipofika kwenye mstari huo niliweka karatasi chini nikacheka peke yangu, mke wangu akadhani nimepata habari za pensheni.

Kuna karatasi nyingine, mafunjo, ya kohorti ya Wahispania iliyokuwa upande wa mto Danube karibu mwaka 100 au miaka michache baadaye. Huyo karani alikuwa bingwa. Anaorodhesha walioko Gaul (Ufaransa ya leo) kufuata nguo, walioenda kufuata nafaka, walioenda kuchukua farasi, walioko migodini Dardania, walioko ng'ambo ya Danube kwenye operesheni, walioko mlimani Haemus kuswaga ng'ombe, na walioko ngome ya Buridava kwenye detachi. Wote hao wapo kwenye orodha yake. Hakuna aliyefutwa kwa sababu ya kuwa mbali.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Aliyeazimwa ni mtu wa nyumbani aliyeko mbali. Akifa, jiwe la kaburi lake linaandikwa jina la legioni yake ya asili, hata kama amezikwa nchi ambayo legioni hiyo haijawahi kukanyaga ikiwa nzima. Ndiyo maana wanaotafuta historia ya detachi wanatembea makaburini.

Na mshahara haukuwa fedha tu anayokabidhiwa mtu mkononi, ulikuwa hesabu kwenye kitabu. Ziko hesabu za askari wawili waliokuwa Misri mwaka 81. Mmoja anaitwa Quintus Julius Proculus. Ameingiziwa drakma 248. Amekatwa 10 za majani makavu, 80 za chakula, 12 za viatu na mikanda, 20 za sikukuu ya kambini, 60 za nguo. Makato 182. Imebaki 66, ukijumlisha na akiba yake ya nyuma 136, ana 202. Nimeipiga kwa kalamu, imetoka sawa. Karatasi hiyo hiyo inataja wenzao walitumwa wapi: ghala la nafaka, kiwanda cha sarafu, kutengeneza mafunjo ya kuandikia, kuchimbua bandari iliyojaa matope. Ndugu yangu, jeshi la Roma limebeba magunia kuliko lilivyobeba mikuki.

Nikirudi Bu Njem, detachi ya Tatu Augusta ilianza kujenga ngome ile mwaka 201, enzi za Septimius Severus, ambaye mwenyewe alizaliwa Libya, pale Leptis Magna. Kazi ilikuwa kulinda visima na njia ya misafara. Lambaesis palibaki kwao.


Mtu wa Unga Limited (Arusha)

Mzee, shikamoo. Naondoa kauli ya askari hewa kwa muda. Lakini 752 kwenye orodha na 265 kazini, hapo kwa mkaguzi wa hesabu tungekesha.


Dereva wa Sakina (Arusha)

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili, na ile ya akida mmoja nimemsomea jirani.

Nimebaki na kigugumizi kimoja. Kwa nini wajichoshe hivyo? Kama vita imetokea Shamu, peleka legioni nzima ya karibu, mambo yaishe. Ukichukua 2,000 hapa na 2,000 pale, watu hawajuani, hata sauti ya tarumbeta ya mwenzake hajaizoea. Mimi nikipewa msafara wa magari saba na madereva wa kampuni saba tofauti, siku ya kwanza tu tunapotezana kabla ya geti la Lodoare. Na je, detachi yoyote ilifika upande wetu huu?


Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi)

Dereva, hofu yako ni ya haki, na Warumi wenyewe iliwatoa damu. Nafundisha historia sekondari, hili la Warumi halimo kwenye muhtasari, basi nalimwaga hapa.

Anza na hesabu. Augusto alikuwa na legioni 28. Mwaka 9 zikapotea 3 kwa mpigo kwenye msitu wa Teutoburg, Ujerumani. Hata enzi za Septimius Severus, karibu miaka 200 baadaye, legioni zilikuwa 33 tu, kwa dola inayoanzia Uskoti hadi mto Frati. Kila moja imekaa mahali fulani kwa sababu mahali hapo pana adui. Ukiing'oa nzima umefungua mlango, na wa upande wa pili wa mto wanaona kambi haina moshi. Ukichopoa 1,000 au 2,000, tai yupo, kambi ina moshi, adui anabaki na wasiwasi wake. Kwa hiyo kwangu mimi detachi ni mbinu ya mtu mwenye blanketi fupi. Mzee Karani anaitazama kama suala la daftari, na namheshimu, lakini daftari lilikuja baadaye.

Sasa damu. Mwaka 66 Wayahudi wakaasi. Liwali wa Shamu, Cestius Gallus, akashuka na Legioni ya 12 Fulminata, akaongeza watu 2,000 kutoka kila legioni nyingine ya Shamu, na vikosi saidizi. Ndicho unachokisema, Dereva, watu wa kuokotezwa. Akafika Yerusalemu, akarudi nyuma, na kwenye njia nyembamba ya Beth-horoni wakamshukia kutoka juu. Alipoteza watu zaidi ya 5,000. Siwezi kusema alishindwa kwa sababu ya kuchanganya watu, maana aligeuka nyuma kwa uamuzi wake mwenyewe, lakini jeshi la namna hiyo likianza kurudi nyuma ni kazi kulishika.

Miaka mitatu baadaye, 69, Roma inagombewa na makaisari wanne. Vespasian yuko upande wa mashariki, anamtuma Mucianus kwenda Italia na Legioni ya 6 Ferrata, na juu yake watu 13,000 wa detachi. Kumi na tatu elfu! Wametolewa kwenye legioni zile zile zinazopigana na Wayahudi. Sasa mwaka 70 Titus anataka kuizingira Yerusalemu, legioni zake zina mapengo. Anafanyaje? Anaazima 2,000 kutoka kwenye jeshi la Aleksandria na 3,000 kutoka kwa walinzi wa mto Frati. Yaani pengo la mkopo linazibwa kwa mkopo. Na mji ukaanguka. Kwa hiyo mfumo ulifanya kazi, hata kama unamtia karani wazimu.

Kama unataka kusikia mkubwa mwenyewe akikiri jinsi mambo yalivyokuwa, nenda Lambaesis, mwaka 128. Kaisari Hadrian alikuja kukagua mazoezi ya Legioni ya Tatu Augusta, akawahutubia, na hotuba ikachongwa kwenye mawe. Vipande vyake vipo mpaka leo. Anawaambia kwamba anajua kohorti moja haipo, kwa sababu kila mwaka, kwa zamu, kohorti moja huenda kwenye ofisi ya liwali wa Afrika (jimbo la Kirumi huko kaskazini, si bara zima). Anajua kwamba miaka michache nyuma walitoa kohorti nyingine, na juu yake watu kutoka kila senturia, kuijazia legioni ndugu. Anajua vituo vyao ni vingi na viko mbalimbali. Anajua wamehama kambi mara mbili na kujenga upya. Kwa hayo yote, anasema, angewasamehe kama wangekuwa wamelegea kwenye mazoezi. Halafu anawasifu kwamba hawakulegea. Mimi nimewahi kukaguliwa darasani, na mkaguzi anayeanza kwa kuorodhesha matatizo yako kabla hujayasema mwenyewe sijamwona bado.

Upande wetu huu? Kuna visiwa vya Farasan, kusini mwa Bahari ya Shamu, leo ni Saudi Arabia, unavuka maji uko Eritrea. Huko kumekutwa maandishi ya mwaka 144 ya detachi ya Legioni ya 2 Traiana Fortis pamoja na askari saidizi wake, na mkubwa wao ana cheo cha msimamizi wa bandari ya Ferresan. Legioni yenyewe ilikuwa Aleksandria, karibu kilomita 2,000 kutoka hapo. Meli za biashara ya pilipili na uvumba zilipita njia hiyo, na zilizoshuka huku kwetu hadi Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, pia.

Kwa upande wa nchi kavu, Nero alituma maakida wawili kupanda Nile kutafuta chanzo chake. Walisaidiwa na mfalme wa Meroe, wakaenda mpaka wakakutana na vinamasi vya majani visivyopitika kwa miguu wala kwa mashua. Wengi wanaamini ni vile vya Sudani Kusini. Hao hawakuwa detachi ya legioni, walikuwa walinzi wa Kaisari, lakini umeuliza walifika wapi, ndipo hapo. Wangepita wangetukuta.


Dereva wa Sakina (Arusha)

Mwalimu, hiyo ya kuziba mkopo kwa mkopo naijua vizuri, vikoba vyetu hapa Sakina vinaiendesha kila Desemba.

Swali la kumalizia, kwenu wote wawili. Detachi ni ya muda. Ya Bu Njem ilijenga ngome ya mawe! Mtu wa muda hajengi kwa mawe. Walirudi lini?


Karani Mstaafu (Moshi)

Mwalimu, nimekusikia, na hilo la moshi wa kambi nalikubali. Ila daftari halikuja baadaye. Titus asingejua ana mapengo kama mtu hajamwandikia.

Dereva umegusa penyewe. Detachi za vita ziliondoka, zikapigana, zikarudi, au zikafa. Za ujenzi nazo vile vile. Uskoti kuna ukuta wa Antoninus, ulianza 142, detachi za Legioni ya 6 na ya 20 ziliujenga vipande vipande na kila moja ikaacha jiwe la kujisifu, kwamba hapa tumejenga hatua kadhaa. Kule Trenčín, Slovakia, kuna maandishi kwenye mwamba ya majira ya baridi ya 179 kuingia 180, wakati wa vita vya Marcus Aurelius. Detachi ya Legioni ya 2 Adiutrix (si ile Traiana ya Aleksandria) ililala pale ng'ambo ya Danube, ndani ya nchi ya adui, na aliyechonga ameweka idadi: askari 855. Hakuandika karibu 900. Huyo alikuwa na rejesta mkononi, nakuapia.

Detachi za jangwani ni hadithi nyingine. Zilikaa. Bu Njem waliokuwa wanabadilishwa ni watu, kituo kilibaki pale pale. Na maisha yakawa ya kituo. Wakajenga bafu. Akida wao Quintus Avidius Quintianus akatunga shairi la kulisifia, linalalamikia joto la jangwa na upepo wa kusini, likachongwa kwenye jiwe, na ukisoma herufi za kwanza za mistari kwenda chini unapata jina lake mwenyewe. Ninawajua maofisa wa namna hiyo. Baadaye, miaka ya 250, karani wa pale alikuwa anaandika kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika kwa sababu huko mafunjo utayatoa wapi. Kila siku idadi ya watu, wagonjwa, waliooka mikate, mlinzi wa lango. Na taarifa kwa mkubwa wake: wameingia Wagarama (watu wa jangwani Libya), wamebeba shayiri, wana nyumbu kadhaa na punda kadhaa. Mistari miwili, basi. Ni kituo cha mpakani kama unavyokifahamu wewe unayevuka Namanga, nani kaingia na kabeba nini.

Na huko ndiko jeshi zima lilikoelekea. Karne ya tatu mambo yalipochafuka, Kaisari Gallienus, aliyetawala peke yake kuanzia 260, hakuweza tena kuwarudisha watu aliowaazima. Adui alikuwa kila upande. Detachi za legioni za Uingereza na za Ujerumani zilikuwa huko Sirmium, Serbia ya leo, na njia ya kurudi kwao ilikuwa mikononi mwa mpinzani wake Postumus aliyejitwalia Gaul na Uingereza. Watu wa namna hiyo utawaandika kwa penseli mpaka lini? Walizoeana, wakawa jeshi la kutembea na Kaisari, na legioni walizotoka zikabaki nusu. Karne ya nne ukikuta neno vexillatio kwenye orodha za jeshi, linamaanisha kikosi cha kudumu cha wapanda farasi, wala hakikuazimwa kutoka popote.

Maoni yangu, na Mwalimu anaweza kunipinga: legioni ya watu 5,000 haikuvunjwa na adui. Iliazimwa mpaka ikaisha.


Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi)

Nakupinga kidogo tu, mzee. Legioni ndogo za watu kama 1,000 za karne ya nne hazikutokana na kuazimana peke yake. Makaisari walioinuliwa na legioni walikuwa wengi mno, na Kaisari yeyote mwenye akili angependa kamanda wake awe na watu 1,000 kuliko 5,000. Hiyo nayo iweke kwenye mizani.


Mtu wa Unga Limited (Arusha)

Haya, nimekaa kimya muda mrefu. Niambieni kwa uaminifu: hakuna hata mahali pamoja ambapo legioni ilikuwa hewa?


Karani Mstaafu (Moshi)

Kipo kinachokaribia, tena ni hao hao Tatu Augusta wa Dereva. Mwaka 238 matajiri wa Afrika walimwasi Kaisari Maximinus wakamsimika mzee Gordian na mwanawe. Legioni ikabaki upande wa Maximinus, ikawaponda waasi karibu na Carthage, mwana akafa vitani, baba akajiua. Baada ya miezi michache Maximinus mwenyewe akauawa, na aliyeshika kiti ni mjukuu wa yule mzee, Gordian wa Tatu, kijana wa miaka 13. Legioni ikafutwa. Mafundi wakapita Lambaesis na patasi wakikwangua jina lake kwenye mawe. Mwaka 253 Valerian akairudisha, na kwenye baadhi ya mawe unaona jina limechongwa upya juu ya sehemu iliyokwanguliwa, jiwe limebonyea kidogo pale.

Kwa hiyo, Unga Limited, miaka 15 ngome zipo, visima vipo, vituo bado vinahitaji walinzi, na legioni kwenye vitabu ni sifuri. Ni kinyume cha askari hewa.

Mwalimu, kama una picha ya jiwe mojawapo lililochongwa mara mbili, iweke hapa. Nilizonazo mimi ni za kitabu cha zamani, rangi zimefifia.


Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi)

Ninayo kwenye kompyuta ya shule. Umeme ukirudi kesho naipandisha.